Jina Lililofutwa na Sista Twiga

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Mwenye kazi mkononi na aendelee nayo, mimi naomba masikio tu. Leo tunamkumbuka muuguzi aliyeanzisha shirika la masista wanaotunza wanawake wenye fistula. Tulimzika Jumanne. Wagonjwa walimwita Twiga, kwa jinsi alivyochungulia juu ya pazia la wodi bila kunyanyua visigino.

Fistula, wasikilizaji, ni jeraha la uzazi. Mama anashikwa na uchungu siku mbili, tatu, mtoto hatoki. Akinusurika, anabaki mkojo ukimtoka bila kukoma. Wodini kwa Twiga, wagonjwa hawa waliwekwa vitanda vya mwisho, karibu na choo, wenzao wakiziba pua.

Mmoja wao alikuwa mshonaji. Mumewe alimrudisha kwao na godoro lake, akaoa mwingine. Alipopasuliwa akapona, hakuwa na pa kwenda. Twiga akampeleka kwake, vyumba viwili vya kupanga. Mshonaji ndiye aliyesema, "Dada, tusikae wawili tu. Tuwachukue na wengine." Narudia, wasikilizaji: wazo lilikuwa la mshonaji.

Walianza na vitanda sita. Mshonaji alikata mashuka makuukuu akashona pedi za kufua. Yeye ndiye aliyekaa na wagonjwa wapya, maana yaliyowapata yalishampata. Wakaja wasichana wanne kujiunga nao. Wakasali pamoja, wakafua pamoja. Mdogo wake Twiga, fundi bomba, aliwavutia maji. Ananiambia, "Dada yangu alikuwa mtu wa amri. Aliyewafanya wale akina mama wacheke ni mshonaji."

Mwaka wa tisa, jimbo la kanisa likakubali kuwatambua kama shirika. Padre katibu akaja na orodha ya watakaoweka nadhiri. Kalamu yake ikasimama kwenye jina moja. Mshonaji alifunga ndoa kanisani, na mumewe yu hai. Mke wa mtu hawezi kuwa mtawa. Twiga alieleza kwamba mume huyo ana mke mwingine na watoto tele. Padre akasema anaelewa, lakini sheria ni sheria: ama jina litoke, ama orodha irudi ilikotoka.

Twiga akalifuta kwa mkono wake. Hakumwambia mwenzake.

Mshonaji alijua alipoletewa kitambaa cha mavazi ya masista. Vipimo vilikuwa vya watu watano. Akahesabu tena. Watano. Akashona yote, mishono imenyooka, kisha akahamishia vitu vyake chumba cha getini.

Miaka thelathini na moja, wasikilizaji. Shirika likafika nyumba saba. Wageni walipiga picha na Twiga. Mshonaji alitambulishwa kama "mama anayetusaidia". Aliendelea kukaa na wagonjwa wapya.

Halafu yule mume akafa. Twiga akaenda getini mwenyewe, kwa mkongojo, kumwambia mwenzake kwamba sasa njia ni nyeupe, ataomba ruhusa apokelewe.

Mshonaji hakuinua macho kwenye cherehani. "Nina miaka sitini na tisa, Sista. Siku ile ungeniambia tu. Ungeniambia, ningekwambia futa."

Twiga akageuza mkongojo wake, akarudi alikotoka. Fundi bomba anasema tangu siku hiyo dada yake hakukubali tena kupigwa picha. Alipougua alimwita mshonaji. Mshonaji akaja kila asubuhi, akamwosha, akamgeuza, akambadilishia shuka. Twiga aliomba msamaha mara nyingi. Mshonaji alikunja shuka chafu, akatoka nalo.

Tunawapa pole fundi bomba na familia yake, na masista wote. Pole pia kwako, mama wa chumba cha getini. Tangazo la msiba lilitaja kila aliyefiwa, wewe halikukutaja. Nililisoma mimi, hapa hapa redioni, mara tatu, na sikuuliza.

Wasikilizaji wapendwa, kama kuna mtu uliyemkosea ukanyamaza kwa kumwonea haya, mfuate leo. Usitarajie atakusamehe. Mwambie tu, kwa mdomo wako, kabla hajajionea mwenyewe.