Salehe wa Kupimwa

Basi la Marui lilipotoka Kisarawe, Mwanahalima, binti aliyeajiriwa majuzi kupima watoto, alikuwa ameweka mizani chini ya kiti. Mbele yake mama mmoja alibishana na mzee asiyemjua.

"Kila mwaka wanampima Salehe wangu," alisema mama. "Mara ya kwanza hawakumwona?"

"Wanatazama anavyokua, mwanangu. Dawa tunazomeza zilipimwa kwa watoto wa Ulaya. Wetu nani anawajua?"

"Salehe amekonda, mzee. Mgeni unamwandalia sahani iliyopasuka? Kijiji cha ujamaa kionekane kina njaa? Mwaka juzi niliwapa wampime mtoto wa jirani yangu Mboni, yule mnene. Mwaka jana akaugua surua, nikaazima wa Mwanajuma."

Mwanahalima aliuma khanga asicheke. Ofisini mabwana wakubwa walikuwa hawalali kwa ajili ya Salehe wa Marui, mtoto ambaye daftarini kimo chake kilikuwa kimerudi nyuma.

"Lakini huyo aliyekonda ndiye wanayemtafuta," mzee alisema.

"Wamtafute kwingine."

Basi likasimama Marui. Mwanahalima akaivuta mizani. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," mama alijibu kwa bashasha, kisha akapaza sauti kuelekea nyumba ya jirani. "Mboni, mvishe Salehe. Wapimaji wamefika."