Mukebe Ilijifinya Mbele ya Watoto

Ndugu zangu, mama na baba, nawasalimia wote, hata wale wenye wakiniona barabarani wanavuka upande ingine. Muchungaji wetu wa sasa aliniambia, "Mwalimu, simama utoe ushuhuda." Nikamuambia habari yangu haina utamu. Akasema, "Ilete vile iko." Basi naileta vile iko, na jina ya mutu sitataja.

Mimi natoka Djugu, upande ya Kpandroma. Kule nilikuwa mwalimu. Vita ilipochoma shule yetu tulikimbia mpaka hapa Bunia, na huku kwenye mutaa ya Mbunya nikapata kilasi ya sita: mbao za kukalia, bache ya plastiki juu kama paa, upepo inapita. Kitabu ya siyansi ilikuwa moja tu, yangu. Watoto walikuwa wanaimba tu: "Hewa iko na uzito! Hewa inasukuma vitu!" Waliimba kama wimbo ya kanisa. Ukiwauliza, hiyo hewa iko wapi, wanakuangalia tu.

Nikasema hapana, hawa watoto wameimba ya kutosha. Asubuhi moja nikaleta moto ya makala, yale makaa ya kupikia, beseni ya maji baridi, na mukebe tupu ya bia. Musicheke, mama zangu, niliiokota njiani. Nikatia maji kidogo ndani ya mukebe, nikaiweka juu ya moto, maji ikachemka, mvuke ikatoka. Nikaishika na koleo, nikaigeuza haraka, kinywa chini, ndani ya maji baridi. Pah! Mukebe ikajifinya yenyewe, ikakuwa kama karatasi umekunja mukononi. Watoto walikimbia mpaka inje. Kisha wakarudi mbio, wanasukumana wapate kuona.

Mutoto mumoja, binti, mudogo kushinda wengine wote, akapiga makofi: "Mwalimu, tena! Tena!"

Nikawaeleza. Mvuke ilifukuza hewa ya ndani. Ilipopata baridi, mvuke ikageuka maji, ndani ikabaki utupu, na hewa ya inje ikasukuma mukebe pande zote. Ile siku hakuna mwenye aliimba. Walielewa. Nilirudi nyumbani na furaha, na nawaambia, ilikuwa furaha ya mwisho kwa muda murefu.

Kesho yake yule binti hakuja. Nilipotoka shule nikaenda kumutafuta, nikamukuta kwenye chumba ya maombi ya kanisa hii, amelazwa juu ya mukeka, mwili yake moto kama jiko. Nikamuambia mama yake, "Mama, hii inafanana na malaria. Tumupeleke kwenye kituo ya afya."

Akanijibu, "Mwalimu, wameanza kumuombea. Tuliambiwa tusimutoe hapa mpaka atapona."

Nikaomba. Nikabembeleza. Watu wa maombi wakaniambia niko na imani haba, wakanionyesha mulango. Mutoto alikufa mulemule, juu ya mukeka.

Kwenye kilio nilienda kama mutu yeyote. Sijakaa bado, mwanaume mumoja akasimama. "Huyu ndio alifinya mukebe bila kuigusa! Alifinya mukebe, kisha akafinya kifua ya mutoto!"

Ndugu zangu, watu wenye walikuwa wanalia walipangusa machozi, wakainuka. Walinivuta na nywele mpaka barabarani. Nikapiga kelele: "Ni hewa! Ni hewa tu!" Wakacheka. Mumoja akasema, "Munasikia? Yeye mwenyewe anasema anatumika na hewa." Wakasema uchawi iko ndani ya mukono yenye inafinya. Wakalaza mukono yangu ya kuume juu ya jiwe, wakatafuta jiwe ingine.

Muiangalie. Vidole haikunyooka tena.

Polisi walinitoa, wakanifungia ndani ya kasho, wakasema ni kwa kunilinda. Wanawake wenzangu wenye walikuwa mule ndani walihamia wote kwenye ukuta ingine. Nilipoachiliwa, direkteri wa shule hakunionyesha hata kiti.

"Weye ulijua watu wa hapa," akasema. "Ungefundisha na kitabu. Siye hatuna haja ya miujiza."

"Direkteri, siyo miujiza. Iko kwenye programu."

"Programu haitanilinda wakileta mawe." Akafunga mulango.

Mujane mumoja, muuza makala, ndio alinipokea. Watu walimuambia ataona. Akawajibu, "Basi nitaona." Nilikuwa namupangia makala yake na mukono ya kushoto. Lakini kitu yenye iliniua, hapana, siyo jiwe. Ni watoto wangu wa kilasi. Wakinikuta njiani, wanafunika kifua na mikono. Watoto wenye nilifundisha mimi mwenyewe! Nilianza kumuomba Mungu anichukue. Naisema hapa bila haya, sababu pengine kuna mwenye anaomba vile leo.

Halafu asubuhi moja, mama ya yule marehemu akaja pale kwenye makala. Mujane wangu akashika chepe.

"Sikuja kwa kupigana," yule mama akasema. Akaniangalia mimi. "Nionyeshe."

"Nikuonyeshe nini?"

"Kitu yenye ulionyesha mutoto wangu. Alikuwa anaisema hata kwenye homa. Mukebe, mukebe. Nataka kuona kitu yenye aliona."

Tukatafuta mikebe. Mukono yangu haikuweza kushika koleo, basi nikamuambia, "Mama, utafanya weye mwenyewe. Mimi nitasema tu." Akatia maji. Akangoja mvuke. Akashika koleo na mikono mbili. Akageuza. Pah! Akaanguka chini, akafunga macho, anangoja kufa. Hakufa. Mujane naye hakufa. Akafungua jicho moja.

"Tena," akasema.

Tulirudilia mpaka mikebe ikaisha. Nilimueleza mvuke, nilimueleza hewa, na yeye anarudisha maneno yangu polepole, kama mwanafunzi. Kisha akaweka koleo chini. Akaniuliza, "Kama siyo mukebe, ni nini iliua mutoto wangu?"

Ningeweza kumudanganya, ndugu zangu. Alikuwa amekaa pale na makala usoni, na nilimuhurumia.

"Ni homa, mama. Angepata dawa mapema, pengine angepona."

Hakulia. Alitoa sauti yenye sitaki kusikia tena.

Siku ya Mungu yenye ilifuata, alikuja hapa mbele na moto, na beseni, na mukebe. Munakumbuka. Aliifinya machoni penu, akasema: "Ni mimi nimefinya. Nani kati yenu anakufa leo? Mwalimu hakuua mutoto wangu. Mutoto alikufa sababu mimi na nyinyi tulimunyima dawa."

Muliangalia chini. Wengine mulitoka. Na bwana yake alimufukuza, akasema ameharibu jina ya familia. Sasa iko Nia-Nia, anauza ndizi kando ya barabara kwa watu wa malori. Siku alipoondoka tulimusindikiza mujane na mimi, watu wawili, na kanisa hii yote iko na watu ngapi?

Namushukuru ule mujane mbele yenu. Namushukuru muchungaji, sababu alinipa nafasi kusimama. Kuliko wote namushukuru ule mama, mwenye alinirudishia jina yangu na akabaki bila nyumba. Nimerudi kufundisha, shule ingine. Naandika na mukono ya kushoto, watoto wanacheka maandishi yangu, na ni wao wenyewe wanashika koleo.

Mutu mwenye alileta jiwe ya pili iko hapa ndani. Asiogope, sikuja kwa yeye. Sijamusamehe bado. Munisaidie kuomba.

Mimi nilikuja kwa neno hii: mukiona kitu hamuelewi, museme, "Nionyeshe." Na kama kuna mwenye ameleta mutoto na homa hapa kwa kuombewa, ainuke sasa. Asingoje baraka ya mwisho. Mungu hatakasirika, na mwenye atakuangalia vibaya, muache aangalie.

Mama wa pale nyuma, nakuona unamufunika mutoto na kitenge. Simama, mama. Usipate haya. Mimi pia nimemaliza, twende nikusindikize.