Nyavu Zilizotiwa Moto

USAMA: Haloo? Haloo, da Asya?

ASYA: Haloo, nani mwenzangu? Nambari hii siijui.

USAMA: Mie Usama, dada. Nimeazima simu ya mtu. Assalaam alaykum.

ASYA: Waalaykum ssalaam. Usama wa Mwanza. Waambaje huko ziwani?

USAMA: Sina la kuamba, twashukuru. Watoto? Shemeji Talib?

ASYA: Wazima. Wazima wote.

USAMA: Nasikia kama kitu chachemka. Upo jikoni?

ASYA: Nipo jikoni. Kinamama wa kamati ya mwamba waja kula kwangu leo. Kesho twaufungua.

USAMA: Ule mliofunga, pweza wazae?

ASYA: Huo huo. Tangu tuufunge, hakuna aliyetia mguu kuchokoa pweza. Hata Bi Mwanapili, na mwamba ndio umlishao.

USAMA: Mashaallah. Sasa, dada, lile gunia nililolituma limefika?

ASYA: Limefika bandari ya Mkoani na meli. Nimelifuata mwenyewe, nikalipakia gari la shamba mpaka hapa Chokocho.

USAMA: Basi mpe shemeji. Niliandika jina lako tu, bandarini wasije wakauliza-uliza. Hukulifungua, sivyo?

ASYA: Nimelifungua. Nilidhani mchele.

USAMA: Aa. (Mkwaruzo.) Mtandao huu—

ASYA: Usama, waikumbuka ile video uliyonitumia?

USAMA: Ipi?

ASYA: Ya moto. Umevaa fulana nyeupe ya mradi wenu, imeandikwa Ziwa Letu. Wavuvi wanatoa nyavu zao za macho madogo, kwa hiari yao, mnazitia moto watu wote wakiona.

USAMA: Ndiyo, ndiyo. Siku ile watu walijaa, yakhe. Mpaka wanafunzi—

ASYA: Nimewaonesha Chokocho nzima. Nimevuka nayo mpaka Kisiwa Panza. Nimewaambia kinamama, tazameni, wenzetu wana ziwa lisiloonekana ng'ambo, na wamelionea huruma. Sie tushindwe na mwamba mmoja? Ndipo wakakubali kuufunga. Kwa video yako.

USAMA: Sasa si jambo la kheri hilo?

ASYA: Mlikuwa na mzee mle. Aliibusu nyavu yake kabla hajaitoa. Ina kiraka cha kanga nyekundu pembeni.

USAMA: Mzee Nyange. Watu walilia siku ile.

ASYA: Nami nililia. Kiraka chake nimekishika hapa, Usama. Nyavu ya Mzee Nyange iko chini ya miguu yangu.

USAMA: Haloo? Husikiki, dada, mtandao unakata—

ASYA: Haukati. Nakusikia unavyohema. Mlichoma nini?

USAMA: Zilichomwa, wallahi. Zile mbovu tulizitia juu. Chini tulijaza majani na matairi.

ASYA: Na nzima?

USAMA: Zilibaki ghalani, na funguo ninazo mimi. Dada, kuchoma nyavu nzima ni israfu, hata dini—

ASYA: Dini iache ilipo.

USAMA: Nisikilize basi. Mradi ulitaka nyavu zitoke ziwani. Zimetoka. Sangara wanakua, sato wanarudi. Ziwa limedhurika wapi? Huko kwenu ni bahari, haina mwisho.

ASYA: Kwa hivyo umefagia uchafu wa kwako ukaumwaga mlangoni kwangu.

USAMA: Siyo hivyo—

ASYA: Na jina langu ukaliandika juu yake. Wanitia kinyaa, Usama. Nimekubeba mgongoni mie, nimekufuta makamasi, sikuwahi kuona kinyaa. Leo naona.

USAMA: Sikuzileta kwa akili yangu peke yangu. Nimeombwa.

ASYA: Na nani?

USAMA: Hajakwambia?

ASYA: Nani, Usama?

USAMA: Shemeji. Alisema lile la mwanzo limemfaa sana, nimtilie jengine.

ASYA: La mwanzo lipi?

USAMA: Lile alilolipokea yeye... Dada, mie nilidhani wajua. Alisema mwambani sasa pametulia, samaki wamejaa, haingii mtu. Yeye huenda kabla hakujapambazuka.

(Kitu kinatokota.)

USAMA: Da Asya?

ASYA: Jana kaniletea samaki, tasi. Kasema kapewa na watu wa Panza.

USAMA: Pengine kweli kapewa.

ASYA: Tasi hawafiki kiganja. Nawapara huku najiuliza nani mwenye roho ya kuvua vitoto hivi. Nimewatia nazi, wamo jikoni hapa.

USAMA: Dada—

ASYA: Nishaonja. Nimeonja chumvi, nikasema kinamama watapenda. (Anatema.) Astaghfirullah. (Anatema tena.)

USAMA: Usiwaambie, nakuomba. Yakifika huku nitafukuzwa kazi. Na Mzee Nyange napishana naye kila siku, ananiita mwanangu.

ASYA: Na mie Bi Mwanapili aniitaje?

USAMA: Zichome wewe huko, yaishe. Nani atajua? Dada, simu ya watu hii, salio linakwisha—

ASYA: Likiisha ntapiga mie. Usikate. Mlangoni wamefika.

MWANAPILI: Hodi wenyewe! Harufu ya nazi nimeipata toka njiani.

ASYA: Karibu, Bi Mwanapili. Pita ndani. Nazungumza na ndugu yangu, yule wa video.

MWANAPILI: Yule wa moto? Mwenyezi Mungu amlipe. Mwambie ametufunza, na kesho twavuna kwa sababu yake.

ASYA: Mwambie mwenyewe, nimeiweka sauti kubwa. Akusikia.

MWANAPILI: Haloo, mwanangu? Waambaje? Haloo? Mbona hasemi?

ASYA: Kakata.

MWANAPILI: Salio hilo, maskini. Simu za bara ghali.

ASYA: Si salio. Kaa kitako, Bi Mwanapili, na hilo chuzi usipakue. Nna jambo la kuwaambia nyote, na Talib akirudi, nakuombeni msiondoke.