Vumbi la Chokaa: Maisha ya Olwen Mair Treharne

Ndugu waombolezaji, marehemu Olwen Mair Treharne, ambaye kabla ya ndoa alikuwa Olwen Mair Prosser, alizaliwa tarehe 9 Oktoba 1930 hapa Treorchy, katika bonde la Rhondda, akiwa mtoto wa pili wa Bwana Emlyn Prosser, mchimba makaa ya mawe, na Bi. Hannah Prosser, ambao wote wametangulia.

Alianza shule ya msingi mwaka 1935, na mwaka 1942 akachaguliwa kuingia sekondari ya wasichana, ambako mwalimu wake, Bi. Ceinwen Rosser, alimpa raketi kuukuu ya mbao, naye akawa anapiga mpira kila jioni kwenye ukuta wa mabafu ya wachimbaji, hadi siku moja baba yake akatoka kuoga akamwambia, "Endelea, mwanangu, ila ukiwashinda mabibi matajiri wa Penarth usitegemee kupewa chai."

Mwaka 1948 aliajiriwa kuwa karani wa posta, na mwaka uliofuata akapokewa katika klabu ya tenisi ya Bryn Awel, Penarth, akiwa binti wa kwanza wa mchimba makaa kupita lango la wanachama, na mwaka 1952, na tena 1953, alitwaa Kombe la Wanawake, na chai alipewa. Desturi ya klabu ilikuwa kwamba atakayelitwaa mara tatu mfululizo analichukua liwe lake kabisa, na Bwana Emlyn, ambaye mapafu yake yalikwisha kuharibiwa na vumbi la mgodi, aliondoa saa kwenye rafu ya juu ya meko ili kombe lipate pa kukaa.

Fainali ya tatu ilichezwa Jumamosi, tarehe 17 Julai 1954, dhidi ya Bi. Gwyneth Eluned Pugh, aliyekuwa mwenzake katika mchezo wa wawili wawili kwa miaka minne, aliyelala mara nyingi kwa akina Prosser na kumwita Bi. Hannah mama. Wachezaji wa siku zile walikuwa na mila isiyoandikwa popote, kwamba mwamuzi akikosea kwa faida yako, pointi inayofuata unaitupa kwa makusudi, na Olwen, zikiwa zimebaki pointi mbili ashinde, mwamuzi alipompa kwa makosa pointi isiyo yake, aliupeleka mpira uliofuata wavuni, watu wakapiga makofi. Tangu hapo mchezo ukageuka, hadi Gwyneth akabakiza pointi moja ashinde, na ndipo mpira wa Olwen ulipogonga mstari, na mpira ukigusa mstari ni ndani, chokaa iliyochorewa mstari ikaruka kama moshi, uwanja mzima ukaona, na mwamuzi akasema nje. Hapakuwa tena na pointi ya kurudisha, kilichobaki ni mdomo wa Gwyneth tu, naye aliitazama ile chokaa, akaja wavuni na mkono umenyooshwa kupokea pongezi.

"Vumbi umeliona, Gwyn," Olwen alimwambia katika chumba cha kubadilishia nguo.

"Mwamuzi kasema nje, shoga. Mimi ni nani nimpinge? Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

"Nimeshafanya, mbele ya macho yako."

Bwana Emlyn alifariki Novemba mwaka huo, na saa haikurudishwa mahali pake. Gwyneth alishinda tena 1955 na 1956, akalichukua kombe, na baadaye akawa rais wa klabu. Olwen hakukanyaga tena Bryn Awel.

Tarehe 2 Aprili 1956 alifunga ndoa katika kanisa hili la Bethania na Bwana Idris Treharne, aliyefariki mwaka 1998, wakajaliwa watoto wawili, Gareth na Nerys, na wajukuu watatu. Kuanzia mwaka 1960 hadi 1994 alifundisha tenisi watoto wa bonde hili, na wengi wenu mlioketi hapa mnaikumbuka sauti yake, "Wewe, usinitazame mimi, mpira umeuona mwenyewe, sema!"

Aliugua moyo tangu Agosti 2010, na Februari mwaka huu, alipokuwa amelazwa hospitalini, Bi. Gwyneth alimjia na zabibu, wakazungumza juu ya wajukuu, kisha Olwen akamuuliza, "Ule mpira, Gwyn, ulikuwa ndani au nje?" Akajibiwa, "Mama wee, miaka yote hii! Si mwamuzi alisema nje?" Marehemu akageukia ukutani, na tarehe 3 Machi 2011, saa mbili asubuhi, akaaga dunia akiwa na umri wa miaka themanini.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliotuletea supu na makaa bila kuombwa, na wenzake wa posta waliokuja kutoka mbali. Tunamshukuru pia Bi. Gwyneth, ambaye asubuhi hii ameleta kombe mnaloliona kando ya jeneza, lakini tunamwomba kwa heshima, baada ya chai, aondoke nalo, kwa maana marehemu hakuomba kombe, aliomba neno moja, na mwenye kulitoa bado yu hai.

Pumzika kwa amani, Olwen Mair. Mpira ulikuwa ndani.