Bi. Shamsia Bwanausi na Chupa Mbili za Rangi Moja

Tarehe 30 Juni 2026 Bi. Shamsia Bwanausi atakabidhi ufunguo wa pikapu namba tatu na kustaafu, baada ya kulitumikia Shirika la Visima vya Mwambao kwa miaka ishirini na tisa na miezi mitano. Ameendesha kilomita laki tano na kitu, nyingi kati ya Bagamoyo na Msata, akipeleka dawa ya maji visimani. Kamati ya jarida imeniomba niandike wasifu wake kwa kuwa nilikuwa mtunza bohari kwa muda mrefu na, kwa maneno ya kamati, sasa sina shughuli.

Alianza kazi Februari 1997 akiwa mfagizi wa karakana. Kwa miaka kumi na miwili alifagia kando ya magari yaliyofunguliwa, na mafundi hawakumficha kitu, maana fundi akiwa kazini hamwoni mfagizi. Mwaka 2009 alipata leseni, akaomba udereva. Mkuu wa usafirishaji wakati huo, marehemu Mzee Abdala Twalha, alimpa miezi sita ya majaribio, akasema mbele ya wote kwamba kosa la kwanza litamrudisha kwenye ufagio. Alilisema kwa upole. Mzee Abdala alisema kila kitu kwa upole, ndiyo maana tulimwogopa.

Kosa lilikuja mwezi wa tano wa majaribio, katikati ya Ramadhani.

Jumamosi ile Bi. Shamsia aliruhusiwa kulaza pikapu nyumbani kwake Dunda, kwa kuwa alfajiri ya Jumatatu alitakiwa kwenda Msata. Mafuta ya stelingi yalikuwa yamepungua, na bohari ilikuwa imempa chupa moja akayaongeze. Kwa msomaji asiyeyafahamu, haya ndiyo mafuta yanayomwezesha dereva kuzungusha usukani wa gari zito bila kutoa jasho. Yetu yalikuwa mekundu, mazito kidogo, yanayong'aa. Yalikuja kwa pipa, nasi tuliyagawa kwenye chupa tupu za maji ya kunywa. Sharubati ya rozela ambayo mama mkwe wake, Bi. Kholood, huichemsha kila Ramadhani ni nyekundu, nzito kidogo, inayong'aa. Nayo huwekwa kwenye chupa tupu za maji ya kunywa. Alasiri hiyo chupa zote mbili zilikuwa barazani, bega kwa bega.

Bi. Shamsia alifungua boneti, akamimina, akawasha gari. Lilikwenda kama hatua ishirini. Stelingi ikaanza kuguna, usukani ukawa mzito, na povu la waridi likainuka kwenye kikopo cha mafuta. Akazima. Hakurudi kwenye boneti. Alikimbilia jikoni, ambako Bi. Kholood alikuwa ameshika jagi kwa mkono mmoja na chupa ya pili kwa mkono mwingine. Wote walikuwa wamefunga, hivyo hakukuwa na wa kuonja. Bi. Shamsia alinusa. Jagi likarudishwa kabatini.

Jumapili ikawa siku ya kusafisha. Nitaeleza alivyofanya, kwa sababu madereva wetu wote wa sasa wamejifunza kwake.

Fundi wa kawaida hunyonya mafuta kwa mpira mdomoni. Yeye alikuwa na saumu, akaazima bomba kubwa la sindano kwa mganga wa mifugo, akavuta povu lote kwenye kikopo. Aliweka mawe kwenye magurudumu ya nyuma, akapiga jeki mbele na kuliegemeza gari juu ya magogo mawili, maana jeki peke yake si ya kuaminiwa. Akachomoa mpira unaorudisha mafuta kwenye kikopo, akauelekeza kwenye ndoo, na tundu lililobaki akaliziba. Kuanzia hapo kazi ilihitaji watu wawili: mmoja amimine mafuta mapya, mwingine azungushe usukani taratibu hadi mwisho wa kushoto, kisha hadi mwisho wa kulia, ili ule uchafu usukumwe nje. Injini huzimwa, kwa sababu pampu ikizunguka bila mafuta hujila yenyewe.

Mumewe, Hamoudi, alikuwa ameenda mjini kutafuta mafuta zaidi. Mtu wa pili akawa Bi. Kholood, mwenye umri wa miaka sabini na mbili, ambaye hakuwahi kukalia kiti cha dereva. Alikaa, akatengeneza mtandio, akashika usukani kwa mikono miwili. Baada ya mizunguko kama ishirini aliuliza bila kugeuza shingo.

"Mwanangu, tumefika wapi?"

"Kerege, mama."

"Kerege ni njia ya Dar. Mimi nimekata kona ya kwenda Msata."

Kilichotoka kwenye mpira kilikuwa kwanza povu, kisha kitu cha ukungu kama maji ya kuoshea mchele, mwisho mafuta mekundu safi. Bi. Shamsia alikinga kidogo kidogo kwenye bilauri, akazipanga juu ya kitambaa cheupe ili alinganishe. Akarudisha mpira, akajaza, akashusha gari, akawasha, akazungusha usukani pole pole hadi mapovu ya hewa yakaisha. Akaendesha mpaka mwisho wa mtaa na kurudi, kisha akaanza upya kazi yote, maana uchafu uliojificha ndani huja kuchanganyika na mafuta mapya. Uchafu wote uliingia kwenye dumu la kurudisha karakana. Adhana ya magharibi ilimkuta akikaza kibano cha mwisho. Siku hiyo walifuturu kwa maji.

Jumatatu pikapu ilikwenda Msata na kurudi bila kuguna. Nje ya nyumba ile hapakuwa na aliyejua lolote, na majaribio yalikuwa yamebakiza wiki chache. Jioni Bi. Shamsia alifungua daftari la gari, akaandika kwenye safu ya hali ya gari: "Jumamosi niliweka sharubati kwenye stelingi. Nimesafisha mara mbili. Ikaguliwe tena baada ya wiki." Akatia saini.

Asubuhi Mzee Abdala alisoma, akaita watu wawili: dereva na mtunza bohari. Kwanza alichukua ufunguo, akaendesha pikapu mwenyewe hadi Kerege na kurudi, Bi. Shamsia akiwa pembeni. Walipofika ofisini alimuuliza kwa nini ameandika jambo ambalo hakuna mtu angelijua.

"Kesho ataendesha mwingine, mzee," alijibu. "Atajuaje gari limekunywa nini?"

Mzee Abdala alifunga daftari. Kisha akauliza ni nani aliyetoa mafuta kwenye chupa isiyoandikwa jina. Bi. Shamsia akasema kosa ni lake, alipaswa kunusa kabla ya kumimina. Mtunza bohari alikuwa akitazama kalenda ukutani.

Wiki hiyo hiyo alithibitishwa kazini, kabla ya muda. Kwenye barua, mahali pa sababu, Mzee Abdala aliandika neno moja: "Anaandika."

Chupa ile niliijaza mimi, na nilimkabidhi kwa mkono wangu, kwa hiyo alijua. Kesho yake baada ya kuitwa ofisini alikuja bohari, akaniamkia shikamoo, akaweka juu ya meza roli la plasta na kalamu nyeusi, akaenda zake. Tangu siku ile hadi nilipostaafu, hakuna chupa iliyotoka bohari bila jina. Nilipongezwa mara mbili na ukaguzi kwa utaratibu huo. Sikuwahi kusema ulitoka wapi. Nalisema leo kwa maandishi, kwa kuwa ndivyo apendavyo yeye: asante, Bi. Shamsia, nami unisamehe kwa ile kalenda.

Shirika linakushukuru kwa kila kisima ulichokifikia. Mwenyezi Mungu akujaalie afya, usingizi wa alfajiri usio na safari, na njia nyepesi popote utakapoelekea.

Sharubati ya hafla ya kumuaga imeletwa na Bi. Kholood, ambaye sasa ana miaka themanini na tisa. Kila chupa ina plasta yenye jina. Hata hivyo, nimezinusa zote.

Muharami Khamis
Mtunza Bohari (mstaafu)