Kipaza-sauti cha Maiti

Wallahi! Wallahi tena, radi inipasue hapa kitandani kama kuna neno moja la uongo! Sikilizeni, watoto yangu, Ndaya na Anaclet, mufunge mulango, maana mudogo yangu Badibanga iko pale inje na sanduku lake la mbao na fanfari yake ya matarumbeta, ananingoja nikate roho anizike kikristo.

Mimi Kalonji, mutoto wa mufanyakazi wa reli kutoka Kasai, masomo sikuingia hata siku moja, lakini mutu wa mikro, wa kupaza majina, kama mimi hakukuwa mu Zaire muzima. Nikirusha jina la tajiri katikati ya wimbo wa orkesta, tajiri alilia, akanivika koti lake, akarudi kwake na singleti. Sauti yangu ilivuka Lualaba, mamba wakatoka majini kucheza! Kisha Henri, mupiga ngoma wetu, akafa hapa Kindu bila ndugu, na wenzetu wote wakakimbia maiti. Wazee wa musikiti wakavuka na mutumbwi kutoka Alunguli, ng'ambo ya mto, wakamuosha, wakamuvika sanda, hawakuuliza dini yake, hawakuomba hata bia. Nikasema: hii njo dini. Nikawa Assani. Badibanga akanicheka: "Yaya, kaka yangu mukubwa, Uislamu uliuokota wapi, chini ya kreti ya bia?" Wakubwa wa chama cha serikali wakaniita niwaimbie sifa, nikakataa, wakanitupa kasho, nikaadhini mule mpaka polisi wakalia.

Toka pale sauti yangu ilikuwa ya maiti. Mutu akifa bila ndugu, Muluba, Mukusu, muchimbaji wa Kalima, nilizunguka na kipaza-sauti, nikarusha jina lake kama jina la tajiri, na watu walikuya kuosha, kuchimba, kubeba. Elfu! Elfu mbili!

Asante ya punda ni mateke. Mama yenu Jacqueline alipokufa na musalaba wake shingoni, niliita jina lake mpaka koo likatoka damu. Wakristo wakasema: "Ule ni muke wa Mwislamu." Wale wazee walikuwa wamekwisha kufa, waliobaki ku musikiti wakasema: "Hakusilimu, ule." Na Badibanga, mudogo yangu wa tumbo moja, alifunga dirisha. Njo nilimuosha mwenyewe, nikachimba mwenyewe hapa nyuma ya nyumba, Ndaya akichota maji, wewe Anaclet mugongoni mwake.

Basi, hii parseli, kiwanja yetu, isiuzishwe. Badibanga akileta munuzi, mumuonyeshe kaburi. Kipaza-sauti ni cha Ndaya. Ndiyo, mwanamuke, na asiyetaka azibe masikio. Aitie wengine, mimi hapana. Musiniitie mutu, sitaki kujua nani atabaki kwake. Anaclet, wewe njo utaniosha. Sanda iko ndani ya kofa ya nguo. Sanduku, fanfari, Badibanga arudi navyo. Munilaze pembeni ya mama yenu...

Maji... inatosha, mama Ndaya, inatosha. Mungu awafungulie njia. Awape watu wa kuwabeba... Na ile ya mama yenu, kwamba hakuna aliyekuya... musimuambie mutu. Wakiuliza, museme... museme Kindu yote ilikuya.