Mama Huguette na Swali la Mzizi

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika maabara yetu ya dawa za mimea hapa Lubumbashi, Mama Huguette Mwaba anastaafu tarehe 31 Julai 2025. Koti lake jeupe ameshalifua na kulikunja. Ufunguo wa chumba cha kukaushia bado anao, na hakuna aliyethubutu kumdai.

Alianza kwa kusaga magome. Baadaye akawa fundi mkuu wa dondoo: analoweka mizizi, anaichuja, kisha anatenga kemikali moja moja ili tujue ipi hasa inatuliza uvimbe. Miaka ya karibuni akili yake yote imekuwa kwenye mzizi mmoja mwekundu wa upande wa Kasomeno. Watu huuchemsha na kuunywa kwa ajili ya arthrose, yaani gegedu za magoti zinaposagika na mifupa kuanza kugusana.

Udadisi wake ulitutesa. Huko Kasenga, mbeba magunia ya samaki aitwaye mzee Chanda alimwapia kwamba mzizi huo umemponya magoti. Sisi tulikuwa tayari kushangilia. Mama Huguette akamhoji mpaka ikajulikana kwamba mwezi ule wa kunywa dawa, watoto wake walimkataza kubeba hata kapu. Tangu hapo, kila tulipoleta habari njema alitushusha kwa maneno yaleyale: "Njo muzizi, ao njo kupumuzika?" Yaani, ni mzizi uliomponya, au ni kupumzika?

Tulimwiga hata wakati wa chakula. Lakini swali hilo ndilo lililozaa jaribio letu la sasa: nusu ya wagonjwa wanapewa vidonge vya mzizi, nusu vya unga mtupu, na hakuna anayejua chake ni kipi.

Magoti yake mwenyewe yanamuuma. Nimemwona akipanda ngazi kwa kushika ukuta, na roho imeniuma. Dawa ilikuwa mikononi mwake kila siku, lakini hakuionja, kwa kuwa mfanyakazi haruhusiwi kushiriki.

Kuanzia Agosti yeye si mfanyakazi tena. Jumatatu atarudi, safari hii kwa mlango wa wagonjwa, na atapewa kopo lake la vidonge kama wengine. Ameshatangaza kwamba hatapumzika hata kidogo: bustani yake ya Kampemba italimwa na sokoni ataenda kwa miguu mpaka jaribio liishe, asije akaharibu jibu.

Kwa hiyo, Mama, asante kwa yote. Mapumziko mema tutakutakia mwakani. Kwa sasa tunakutakia magoti mepesi, na iwe ni mzizi.